Kubadilisha moduli ya mawasiliano ya kidhibiti cha usalama: mwongozo kamili kwa fundi wa kiwandani

Kuanzia Tororo hadi Masindi nchini Uganda, mafundi wa ala huuliza swali lile lile. Moduli mpya ya mawasiliano imewekwa kwenye kidhibiti cha usalama, taa yake inawaka kijani, lakini skrini za chumba cha udhibiti zinaonyesha sufuri tupu. Moduli inachomolewa, inabandikwa karatasi ya "mbovu", na ombi la kununua nyingine linapelekwa kwa meneja. Nyingine inafika baada ya kungojewa sana, inawekwa, na sufuri ni zile zile.

Nyingi ya moduli hizo hazina ubovu wowote. Kosa huwa kwenye waya, kwenye anwani au kwenye mpangilio wa rejista (visanduku vya kumbukumbu vinavyobeba namba), na yote hayo hupimika kwa multimeta na laptopu kabla mtu hajaomba dola za kununulia nyingine.

Nitatumia mfano wa boila ya kiwanda cha sukari inayofanya kazi kwa bar 20. Kidhibiti cha usalama huizima boila maji yakishuka mno kwenye pipa la mvuke. Moduli ya mawasiliano hupeleka habari kwenye skrini za maopereta kwa Modbus RTU, lugha ya vifaa vya kiwandani kuulizana na kujibizana, kupitia RS-485, yaani njia ya waya mbili, A na B. Kama kwako ni Modbus TCP, ile inayopita kwenye mtandao wa Ethernet, vipimo vya waya, mipangilio ya Hatua ya 6 na muundo wa ujumbe wa Hatua ya 7 vitabadilika. Mengine yanabaki.

## Moduli hii haiamui kitu, na ibaki hivyo

Kidhibiti husoma sensa, huamua, huzima. Moduli ya mawasiliano ni tarishi: hubeba habari za uamuzi uliokwisha kufanywa. Modbus haikuundwa kubeba amri za usalama. CRC yake, yaani namba ya ukaguzi mwishoni mwa ujumbe, hukamata ujumbe ulioharibika njiani, lakini haijui kama ujumbe umechelewa, umerudiwa au umetumwa na asiyehusika.

Onyo: zipo itifaki zilizotengenezwa kubeba usalama wenyewe, kama PROFIsafe na CIP Safety. Kama moduli yako inabeba mojawapo ya hizo, usifuate mwongozo huu. Ukiichomoa hiyo, mtambo utatripu, yaani utajizima wenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua paneli

- Moduli yenye namba ile ile kamili, pamoja na herufi ya mwisho. Mara nyingi herufi hiyo ndiyo toleo, na toleo lisilolingana linaweza kukataliwa na kidhibiti.
- Kitabu cha mtengenezaji cha moduli hiyo hiyo, si cha "inayofanana nayo".
- Laptopu yenye programu ya kidhibiti na nakala ya mradi inayolingana na kilichomo ndani ya kidhibiti leo.
- Adapta ya USB kwenda RS-485, iliyotenganishwa kiumeme. Za bei rahisi zisizotenganishwa zinaweza kupitisha umeme kutoka kwenye mtambo hadi kwenye laptopu.
- Programu ya kusoma Modbus inayoonyesha baiti ghafi, kama zilivyopita kwenye waya, kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16). Ikionyesha namba zilizokwisha kutafsiriwa tu, haitakusaidia kwenye Hatua ya 7.
- Multimeta, bisibisi bapa ndogo, resista mbili za ohm 120.
- Mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, na mfuko wa kuhifadhia moduli.
- Jedwali la rejista, na jedwali la sababu na matokeo la mfumo wa usalama, linaloonyesha hali ipi inazima nini.
- Kibali cha kazi na redio mbili za kuzungumzia.

Moduli za mtumba zinazouzwa mtandaoni zinavutia kwa bei, na kwa mitambo ya zamani wakati mwingine hakuna nyingine. Mimi sizikatai, ila naidai iwekwe kwanza kwenye chasi (fremu ya kuchomekea moduli) ya majaribio ya karakana. Kama huna chasi ya majaribio, basi usiijaribu kwenye boila yenye moto.

## Hatua ya 1: Jua nani anaitegemea njia hii

Usichomoe kitu kabla ya kujibu swali moja: mawasiliano yakikatika, kuna kitu kitakachosimama?

Wengi hujibu "hapana, ni ya skrini tu". Hiyo ndiyo inavyotakiwa kuwa, lakini miaka inapita, mafundi wanabadilika, na mtu hupitisha humo ruhusa ya kuwasha feni au pampu kwa sababu kuvuta waya mpya kulikuwa na kazi kubwa. Fungua mradi kwenye laptopu na utafute kila rejista inayoandikwa kutoka nje. Fuatilia inaishia wapi kwenye mantiki. Kisha linganisha na jedwali la sababu na matokeo.

Umefanikiwa ukiwa na: orodha ya kila kinachoingia kwenye kidhibiti kupitia moduli, na mbele ya kila kimoja pameandikwa kitatokea nini kikipotea. Ukikuta kinachoweza kutripu boila, kazi hii inasubiri siku ya mtambo kusimama.

## Hatua ya 2: Kibali, na macho ya mtu kwenye kioo

Skrini zitapofuka kwa muda. Boila haitajua, lakini opereta atakuwa hana macho. Kwa hiyo weka mtu mbele ya kioo cha kupimia maji cha boila yenyewe, mwenye redio, asiyetumwa kazi nyingine yoyote.

Mazungumzo yawe mafupi na ya mara kwa mara:

"Mzee, maji yako wapi?"

"Nusu ya kioo, hayasogei."

"Presha?"

"Kumi na tisa na nusu."

Akinyamaza, kazi inasimama. Kwenye kibali andikeni kabisa nani ana mamlaka ya kuizima boila kwa kitufe cha dharura bila kumuuliza mtu. Isiwe lazima mtu apige simu ofisini.

Usianze kazi hii karibu na kubadilishana zamu, wala wingu la mvua likiwa limetanda. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kebo ndefu ya RS-485 inayotoka jengo moja kwenda jingine huileta radi hadi kwenye vidole vyako.

## Hatua ya 3: Picha na nakala

Piga picha: taa zote za chasi, waya na namba zake, swichi ndogo za pembeni mwa moduli ya zamani, mahali ufunguo wa kidhibiti ulipo. Kisha chukua nakala ya mradi, na ulinganishe na kilichomo ndani ya kidhibiti. Programu ikisema havilingani, acha. Kuna mtu alibadilisha kitu bila kuhifadhi, na ukiendelea unaweza kuifuta kazi yake bila kujua ilikuwa inalinda nini.

## Hatua ya 4: Pima njia kabla ya kulaumu moduli

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa pesa.

Zima vifaa vyote vilivyo kwenye njia hiyo ya RS-485, au chomoa viunganishi vyake ukiacha resista za mwisho mahali pake; kidhibiti cha usalama usikizime, chomoa kiunganishi chake tu. Weka multimeta kwenye ohm, upime kati ya waya A na B.

- Karibu 60: safi. Resista mbili za 120, moja kila mwisho, zikiwa sambamba.
- Karibu 120: mwisho mmoja hauna resista, au kebo imekatika katikati na unaona upande mmoja tu.
- Karibu 40: zipo tatu. Kuna mtu aliongeza kifaa kikiwa na resista yake ya ndani imewashwa.
- Karibu 0: waya zimegusana.
- Maelfu: hakuna resista, au uko kwenye kipande kilichokatika pande zote.

Resista za kuinua na kushusha volti zinaweza kukishusha kipimo kidogo chini ya 60. Hilo lisikutie wasiwasi.

Sasa washa vifaa, lakini zuia mfumo wa skrini usiulize chochote. Pima volti kati ya A na B njia ikiwa kimya. Unataka zaidi ya volti 0.2. Chini ya hapo, vipokezi vinaweza kusoma kelele kama ujumbe, na utapata makosa yanayokuja na kwenda, hasa mota kubwa zinapowaka.

Fuata kebo kwa macho pia. RS-485 hupita kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja. Ukikuta boksi ambalo kebo nne zinatawanyika kila upande, hapo ndipo penye ugonjwa. Wavu wa chuma unaozunguka waya ndani ya kebo uungwe kwenye athi upande mmoja tu. Ukiungwa pande zote mbili kati ya majengo mawili, tofauti ya volti za ardhi hupitisha mkondo kwenye wavu huo, na siku ya radi ndiyo njia yake.

Kama kebo yako inapita kati ya majengo hivyo, ushauri wangu ni kuacha waya wa shaba na kuvuta fiba.

Umefanikiwa ukiwa na: vipimo viwili vilivyoandikwa, ohm na volti, vyote ndani ya mipaka. Moduli ya zamani ikianza kufanya kazi baada ya kurekebisha waya, rudisha mpya stoo na ufunge kibali.

## Hatua ya 5: Ichomoe, uweke mpya

Kitabu ndicho kinachosema kama moduli inachomolewa umeme ukiwepo. Baadhi huruhusu, baadhi huua chasi nzima. Kumbukumbu ya fundi mwenzako haitoshi hapa.

Kama moduli ziko mbili kwa kusaidiana, hakikisha ile inayobaki ni nzima na ndiyo inayofanya kazi sasa. Kosa baya kuliko yote ni kuchomoa nzima na kuacha yenye hitilafu. Soma namba ya nafasi kwenye chasi kwa sauti, mwenzako aithibitishe kwenye skrini ya laptopu, ndipo ushike skrubu.

Vaa mkanda wa mkononi, uunge kwenye chasi. Weka swichi ndogo kama zilivyo kwenye picha. Kagua pini za nyuma. Pini moja iliyopinda inaweza kuharibu ubao wa nyuma, ambao bei yake si ya moduli. Isukume taratibu hadi ikae, ukaze skrubu. Moduli isiyokazwa hufanya kazi leo na kukatika mashine ya kusaga miwa ikianza kutikisa sakafu.

Subiri ijipime yenyewe. Umefanikiwa: taa ya uzima inawaka, taa ya hitilafu imezimika, na orodha ya makosa ya kidhibiti haina jipya. Kumbuka taa hiyo inasema moduli ni nzima, haisemi kwamba inaelewana na mtu yeyote.

## Hatua ya 6: Mipangilio minne

Kasi, pariti, biti za kukomesha, anwani. Zote nne zilingane pande zote mbili.

Pariti, biti ya ziada ya kukagua makosa, ndiyo huwasumbua wengi. Kanuni ya Modbus RTU ni herufi ya biti 11: ukitumia pariti, biti ya kukomesha ni moja, usipotumia, zinakuwa mbili. Vifaa vingi huvunja kanuni hii, kwa hiyo soma kilichowekwa upande wa pili badala ya kukisia. Anwani ni kati ya 1 na 247, na isifanane na ya kifaa kingine kwenye njia hiyo.

Halafu muda wa kusubiri jibu. Hapa piga hesabu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, herufi moja ya biti 11 huchukua kama milisekunde 1.15. Swali la kawaida lina baiti 8, yaani milisekunde 9 hivi. Lakini ukiomba rejista 125, ambao ndio upeo kwa ombi moja, jibu lina baiti 255 na linachukua karibu milisekunde 292. Mfumo unaohesabu hadi jibu zima lifike, ukiwa umewekwa milisekunde 200, utasoma vizuri maombi madogo na kushindwa kila ombi kubwa. Fundi ataona nusu ya skrini ni nzima na nusu imekufa, na atailaumu moduli. Anza na milisekunde 1000, upunguze baadaye kama kuna haja.

## Hatua ya 7: Soma thamani moja tu, kwa baiti ghafi

Usiunganishe mfumo mzima wa skrini. Unga laptopu, uliza thamani moja unayoijua kwa hakika. Presha ya mvuke inafaa, kwa sababu mtu wako wa kwenye kioo ana geji mbele yake.

Tuseme presha ni namba ya desimali iliyokaa kwenye rejista mbili za kwanza, kifaa namba 1. Swali litakuwa hivi:

01 03 00 00 00 02 C4 0B

Yaani: kifaa 1, soma rejista za kuhifadhi, anza sufuri, zipe mbili, kisha CRC. Angalia kwamba jedwali la kiwanda huenda linaziita 40001 na 40002, lakini kwenye waya zinaanza 0. Presha ikiwa bar 20 kamili, jibu zima huanza:

01 03 04 41 A0 00 00

Baiti 41 A0 00 00 ndizo 20.0. Sasa tazama yanayoweza kukupata:

Kimya kabisa. Kasi, pariti, anwani, au A na B zimepishana. Watengenezaji hawakubaliani A ni ipi, kwa hiyo badilisha waya mbili hizo ujaribu tena. Hakuna kinachoungua kwa hilo.

01 83 02. Hii ni habari njema. Kifaa kimesikia, kimeelewa, kimejibu kwamba anwani ya rejista haipo. Waya na mipangilio minne ni salama. Rudi kwenye jedwali.

00 00 41 A0. Nusu mbili zimepishana. Mfumo wa skrini utasoma namba ndogo mno na kuandika 0.00, huku boila iko bar 20. Badilisha mpangilio wa rejista kwenye mfumo wa skrini, si kwenye kidhibiti cha usalama.

00 00 43 7A. Hii kwenye skrini nayo inaonekana 0.00, ila kosa ni jingine. Umeanza rejista moja mbele: umechukua nusu ya mwisho ya presha na nusu ya kwanza ya thamani inayofuata, kwa mfano nyuzi 250 za joto, ambazo kamili ni 43 7A 00 00. Ukipisha nusu hapa hutapona. Rudi nyuma rejista moja.

Ndiyo maana nikasisitiza baiti ghafi. Makosa mawili tofauti yanatoa sufuri ile ile, na mtu anayeangalia skrini peke yake atazunguka hadi jioni.

Umefanikiwa: namba ya laptopu na namba ya geji zinakaribiana, na zinasogea pamoja.

## Hatua ya 8: Funga mlango wa kuandika

Mfumo wa skrini unahitaji kusoma. Uruhusu kazi namba 01 hadi 04, yaani baiti ya pili ya swali, kama ile 03 ya Hatua ya 7. Kazi za kuandika, kama 05, 06, 15 na 16, zifungwe kwenye mipangilio ya moduli, isipokuwa zile chache ulizoziorodhesha Hatua ya 1 na zikakubaliwa kwa maandishi.

Rudisha ufunguo wa kidhibiti mahali pa kuendeshea, uutoe, umkabidhi msimamizi wa zamu. Mwaka 2017 kiwanda cha kemikali za petroli huko Saudi Arabia kilishambuliwa kwa programu iliyopewa jina Triton, iliyolenga vidhibiti vya usalama vya Triconex. Ufunguo wa vidhibiti hivyo ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuprogramu.

Na ile modemu ya 4G ambayo mtu ameificha nyuma ya paneli ili mtaalamu wa nje "aingie haraka" siku ya shida, ing'oe leo.

## Hatua ya 9: Kata waya kwa makusudi

Mfumo wote ukishaunganishwa, waambie watu kwenye redio, kisha chomoa kiunganishi cha mawasiliano. Mambo mawili lazima yaonekane.

Kwanza, kidhibiti na boila visishtuke. Pili, skrini ziseme wazi kwamba habari zimekatika: rangi ibadilike, kengele ilie. Mifumo mingi huacha namba ya mwisho imeganda hapo hapo, na opereta akaendelea kuamini maji yako nusu kioo. Hiyo ni hatari kuliko skrini nyeusi.

Dawa yake ni rejista ya kuhesabu. Kidhibiti huongeza moja kila sekunde, na mfumo wa skrini ukiona namba haijasogea kwa sekunde kadhaa unapiga kengele. Kuongeza rejista hiyo ni badiliko la programu ya kidhibiti cha usalama, kwa hiyo lipitie utaratibu wa kiwanda wa mabadiliko kama IEC 61511, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama viwandani, inavyotaka, lisifanywe juu juu ukiwa umesimama kwenye paneli.

Rudisha kiunganishi. Kisha pitia orodha ya rejista moja moja dhidi ya skrini. Inachosha. Ifanye.

## Hatua ya 10: Saa na maandishi

Weka saa ya moduli, ya kidhibiti na ya mfumo wa skrini ziwe sawa, saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Zikitofautiana, siku boila ikitripu hutajua kilichotangulia ni pampu ya maji au feni. Kwenye kitabu cha zamu andika kwa mfumo wa saa 24: 08:00 au 20:00. "Saa mbili" peke yake haimsaidii anayesoma mwezi ujao.

Andika namba ya moduli iliyotoka na iliyoingia, matoleo, ohm, volti, mipangilio minne, majina ya waliokuwepo. Nchini Uganda boila ziko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, na mkaguzi ana haki ya kuuliza ni nani aligusa mfumo unaoilinda.

## Ikigoma hata hivyo

Usimwandikie mtengenezaji "moduli haifanyi kazi", atakurudishia maswali ishirini. Mtumie kwa mkupuo mmoja: namba kamili na herufi ya mwisho, picha ya taa, vipimo viwili vya Hatua ya 4, mipangilio minne ya pande zote mbili, na dakika moja ya baiti ghafi, maswali na majibu. Mwambie pia kama moduli ya zamani inafanya hivyo hivyo kwenye nafasi ile ile. Kama ndiyo, shida ina uwezekano mkubwa wa kuwa nje ya moduli.

Ya zamani usiitupe. Iweke kwenye mfuko wake, ubandike karatasi yenye tarehe na kosa lililoonekana, si neno "mbovu" tu. Siku ukipata nafasi kwenye chasi ya karakana, ijaribu kwa kebo fupi na resista zake mbili kabla hujaagiza nyingine.